Kitovu cha Liyongo si dosari: namna ya kumlinganisha shujaa wa kale na wa leo

SWALI: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Tumepewa insha: 'Linganisha shujaa mmoja wa fasihi ya zamani na mmoja wa fasihi ya kisasa, ukionyesha dosari zao.' Nimemchagua Fumo Liyongo na Okonkwo wa Chinua Achebe. Nimeandika kwamba dosari ya Liyongo ni kitovu chake na dosari ya Okonkwo ni hasira. Nikataja na kisigino cha Achilles kuonyesha kwamba mashujaa wa zamani wote wana sehemu dhaifu mwilini. Kazi imerudi na maneno mawili ya wino mwekundu: 'Umeorodhesha tu.' Rafiki yangu anasema nimekosea tangu mwanzo, kwa sababu mashujaa wa zamani hawakuwa na dosari. Dosari zimeletwa na riwaya. Nimechanganyikiwa. Nimekosea wapi, na kati ya hao wawili shujaa zaidi ni nani? La mwisho, nikimsoma Okonkwo namwona baba yangu. Sijui kama hilo linafaa kuingia kwenye insha."

JIBU:

Marahaba, mwanangu. Kwanza toa hofu. Uchaguzi wako ni mzuri, tena ni mzuri kuliko ulivyoutumia. Umewachukua watu wawili wazito, ukamsimamisha kila mmoja peke yake, ukambandika neno moja kifuani, ukapita. Mwalimu wako hakukuonea. Kulinganisha ni kuwauliza wote wawili swali lilelile, kisha kutazama majibu yao yanaachana wapi. Wewe Liyongo umemuuliza habari za mwili, Okonkwo ukamuuliza habari za tabia. Kwa mtindo huo hawawezi kukutana hata ukiandika kurasa kumi.

Tuanze na hicho kitovu, maana wanafunzi wengi hujikwaa hapo hapo. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na hata katika masimulizi ya nathari ambayo Edward Steere aliyachapa mwaka 1870 kutokana na wasimulizi wa Unguja, Liyongo hafi kwa mkuki wala mshale. Anakufa kwa sindano ya shaba kitovuni. Sawa. Lakini hapo ni mahali pa kufia tu. Dosari ambayo swali lako linaitaka ni kitu kilichomo ndani ya mtu, tabia au namna yake ya kuamua mambo, kinachomsukuma kutenda, na kitendo hicho kikamrudia. Kitovu hakikumsukuma Liyongo kufanya lolote. Angeweza kuzeeka nacho, akazikwa na wajukuu, kama siri ingebaki siri. Kwa hiyo futa neno "kitovu" kwenye insha yako, uweke swali: siri ilitokaje? Ukishauliza hivyo umeingia kazini.

Kisigino cha Achilles nacho kinapotosha. Wengi tunakitaja kama kwamba kimo katika Iliadi, utendi wa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, na hakimo. Iliadi inaanza kwa kutaja ghadhabu ya Achilles na inaishia kwenye mazishi ya adui yake Hector, Achilles mwenyewe akiwa bado hai. Habari za mama yake kumchovya katika mto Styx akiwa mtoto, ili asidhurike, tunazipata karne nyingi baadaye, kwa mshairi wa Kirumi aitwaye Statius, katika karne ya 1. Dosari ya Achilles kwa Homer ni ile ghadhabu. Mkuu wa jeshi lao, Agamemnon, anamnyang'anya Briseis, mwanamke aliyempata vitani. Achilles anasusa, anaketi hemani mwake, wenzake wanachinjwa ufukweni. Mwishowe rafiki yake mpenzi Patroclus anavaa silaha zake, anakwenda kupigana badala yake na kuuawa. Ona mnyororo huo ulivyo: tabia imezaa uamuzi, uamuzi umezaa msiba, na msiba umemfikia yule yule mwenye tabia. Kisigino hakina mnyororo wa namna hiyo.

Mfano huo huo unamjibu rafiki yako, ingawa sitaki umcheke. Anachosema kina chembe ya kweli, ila amekipa tarehe isiyo yake. Oedipus, mfalme katika tamthilia ya Mgiriki Sophocles, ni wa karne ya 5 kabla ya Kristo, na Samuel Mushi alituletea tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Huyo si mtu asiye na kasoro. Amemuua mzee njia panda kwa ugomvi wa kupishana, bila kujua kwamba ni baba yake. Mwanafalsafa Aristotle, aliyeishi karne iliyofuata, alisema shujaa wa tanzia asiwe mtakatifu wala mwovu wa kutupwa. Awe mtu wa kati anayeangushwa na kosa. Vitabu vingi vya mashuleni vimelibadilisha kosa hilo likawa "udhaifu wa tabia", na ndiyo maana kila mwanafunzi hukimbilia kuandika "kiburi" au "hasira", akaona kazi imekwisha. Kwa Oedipus mambo hayo mawili yametengana vizuri sana. Kosa lake ni la kutojua. Tabia yake, ule ukaidi wa kuchimba ukweli hata pale mkewe Jocasta anapomsihi aache, ndiyo inayomfikisha kwenye kujua. Na ukaidi huo huo ndio uliomwezesha kutegua kitendawili cha zimwi Sphinx na kuuokoa mji. Ungemwondolea ukaidi, ungekuwa umemwondolea na ufalme.

Upande wa pili, mchukue Karama katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951. Kwa tarehe ni mtu wa juzi. Anasimama mbele ya baraza, anawatetea watu, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote na waliorudi wakatupwa gerezani. Mtafutie dosari. Mimi sijaipata, na sidhani kama mwandishi alitaka tuipate. Majina yenyewe yanakwambia: Karama, Fadhili, Amini, Ridhaa. Hao ni wema waliovishwa kanzu. Basi mpaka kati ya shujaa mwenye dosari na asiye nayo haupiti kwenye mwaka wa uchapishaji. Unapita kwenye kazi ambayo utungo umejipa. Utungo wa kusifu au wa kufundisha wema huelekea kumsafisha shujaa wake. Utungo wa tanzia humfungua kifua. Kila zama zimekuwa na aina zote mbili.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kwa muda. Badala ya kuuliza "dosari yake ni ipi?", uliza "utungo unaiweka wapi lawama ya kuanguka kwake?" Swali hilo unaweza kuwauliza Liyongo na Okonkwo kwa maneno yale yale, na wote watakujibu.

Liyongo kwanza. Utenzi unamsifu tangu mwanzo:

Kimo kawa mtukufu
Mpana sana mrefu
Majimbo yu maarufu
Watu huya kwangaliya

Zingatia mshororo wa mwisho. Watu wanakuja kumtazama. Umaarufu huo ndio mwanzo wa balaa. Wageni wa Kioromo, ambao utenzi unawaita Wagala, wanafika Pate, wanasikia sifa zake, wanamtaka mfalme awaonyeshe mtu huyo. Liyongo anaitwa. Mwendo wa siku nne anaumaliza kwa siku moja, anapuliza panda, yaani baragumu, mlangoni mwa mji, watu wanashtuka. Kisha anautua mfuko wake na kutoa vilivyomo: kinu na mchi, mawe ya kusagia, jungu na mafiga. Wageni wanapigwa na bumbuwazi. Wanaomba mbegu yake, yaani aoe kwao awazalie mtu kama yeye. Anaoa, anapata mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye atakayekuja kumuua.

Soma tena mnyororo huo taratibu. Sifa zimemletea wageni, wageni wamemletea mke, mke amemletea mwana, na mwana amemletea sindano. Wakati huo huo sifa zile zile zimemtia mfalme hofu ya kiti chake. Anawahonga wawindaji wa msituni ili wale pamoja na Liyongo makoma, matunda ya mti wa mkoma, kwa zamu ya kukwea, ili siku yake ya kupanda mkoma wamtungue huko juu. Liyongo anayaangusha makoma kwa mishale bila kukwea. Anafungwa gerezani, kwa wimbo anamwagiza mama yake, kupitia kijakazi Saada, aoke mkate na kuficha tupa ndani. Usiku wa ngoma ya gungu anakata pingu, kelele za matoazi zikifunika sauti ya chuma. Huyu ni mtu wa akili, si wa misuli tu. Kila mtego wa adui anauona.

Mtego wa mwana hauoni, au hauepuki. Mfalme anamwahidi kijana uwaziri na binti yake. Kijana anakwenda kwa baba yake, anauliza ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Na Liyongo anamwambia.

Sasa utenzi wenyewe unamlaumu nani? Unamlaumu mfalme kwa husuda na kijana kwa khiyana. Kijana haambulii alichoahidiwa. Anaugua na kufa. Liyongo halaumiwi hata kidogo kwa kumwamini mtoto wake, na sioni kwa nini wewe umlaumu kwa haraka. Ukiandika "dosari ya Liyongo ni kuamini watu ovyo" utakuwa umeusingizia utenzi. Hakuamini watu ovyo. Wawindaji hakuwaamini, mfalme hakumwamini. Aliiamini damu yake. Unaweza kuandika, na hapo utakuwa na hoja, kwamba ngome yake yote ilijengwa kuelekea nje, kwa maadui, na mlango wa nyumbani haukuwa na komeo. Unaweza pia kuandika kwamba aliishi kwa kuonekana, na tungo nyingine zinazonasibishwa naye ni majigambo matupu, lakini uonyeshe kwamba utenzi unalihesabu jambo hilo kuwa fahari. Hiyo ni tofauti kubwa. Kasoro unayoiona wewe msomaji wa leo si lazima iwe kasoro ambayo msimulizi aliitaka ionekane. Yote mawili yanaruhusiwa kwenye insha, mradi useme wazi ni lipi.

Okonkwo je? Riwaya yake, Things Fall Apart, ilitoka mwaka 1958, na Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Umeandika "hasira". Hasira ni moshi, tafuta moto. Msimulizi wa Achebe hatuachi tubahatishe: maisha ya Okonkwo yametawaliwa na woga, woga wa kuonekana dhaifu kama baba yake Unoka, mpiga filimbi aliyekufa na madeni. Na woga huo si wa hasara tupu. Ndio uliompeleka kwa tajiri Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu, akapewa 800. Ndio uliomfanya avumilie mwaka wa ukame uliowavunja wengine. Ghala zake, wake zake na vyeo vyake vimejengwa kwa woga huo huo. Kwenye insha yako hiyo sehemu haimo. Umeutaja ubaya wake kana kwamba ushujaa wake umetoka kwingine.

Ukitaka kuona dosari ikifanya kazi, weka kando maelezo ya jumla, utazame vifo vitatu anavyosababisha.

Cha kwanza ni cha Ikemefuna, kijana aliyetolewa na kijiji kingine kama fidia, akakaa kwa Okonkwo miaka mitatu na kumwita baba. Mizimu inaamuru auawe. Mzee Ezeudu anakuja kumwonya Okonkwo: mtoto huyo anakuita baba, usitie mkono katika kifo chake. Okonkwo anakwenda hata hivyo. Njiani Ikemefuna amejitwika chungu cha tembo kichwani. Mtu aliye nyuma yake anakohoa, anainua panga, Okonkwo anageuza uso. Chungu kinaanguka na kuvunjika mchangani. Kijana analia kwamba baba, wameniua, na anakimbilia kwa Okonkwo. Okonkwo anachomoa panga lake na kummaliza. Achebe anatoa sababu kwa sentensi fupi: aliogopa kuonekana dhaifu. Hakuna hasira hapo. Neno "hasira" haliwezi kueleza tukio kuu kuliko yote katika kitabu, na hilo peke yake lingetosha kukuonyesha kwamba umeshika neno lisilo lake. Baada ya hapo siku mbili hali chakula, anakunywa tu. Usiache kuliandika hilo. Bila hilo anabaki mnyama.

Cha pili ni cha mtoto wa Ezeudu, kwenye mazishi ya mzee huyo huyo aliyemwonya. Bunduki ya Okonkwo inapasuka, kipande cha chuma kinamchoma kijana moyoni. Ni ajali, haina uhusiano na tabia. Lakini sheria ya Umuofia, kwao Okonkwo, inamfukuza kwa hiyo miaka saba, ilhali kwa Ikemefuna hakuna baraza lililomwita. Cha tatu ni cha tarishi wa serikali ya wakoloni. Okonkwo anamkata kichwa mbele ya mkutano akitegemea watu watainuka. Watu wanawaacha matarishi wengine wakimbie, na anasikia mtu akiuliza kwa nini amefanya hivyo.

Kwa hiyo riwaya inaweka lawama wapi? Mahali pengi kwa pamoja. Ndani ya Okonkwo, kwa woga wake. Katika jamii, ambayo sheria yake inaadhibu ajali na kulinyamazia lile ambalo hata rafiki yake Obierika anasema halikuipendeza ardhi. Katika bahati, kwa ile bunduki. Na katika historia, kwa wakoloni ambao wangekuja hata kama Okonkwo angekuwa mpole kama njiwa. Hapa ndipo ninapowaambia wanafunzi wafanye jaribio la kuondoa. Mwondolee Okonkwo woga: Ikemefuna labda anapona, mwanawe Nwoye labda hawakimbilii wamisionari, lakini Umuofia inatekwa vilevile. Mwondolee Liyongo imani kwa mwanawe: anaishi zaidi, lakini mfalme yuko pale pale na hila nyingine. Jaribio hilo litakuonyesha dosari ina uzito gani hasa, na litakuzuia usimtwike mtu mmoja mzigo wa nchi nzima.

Sasa ona kilichokuwa mbele yako muda wote. Liyongo anauawa na mwana wa damu yake. Okonkwo anamuua kijana anayemwita baba. Hadithi zote mbili zimeweka kisu katikati ya baba na mwana, ila mpini umebadilisha mkono. Hiyo ndiyo insha yako. Huhitaji Achilles, huhitaji kisigino.

Na kama unataka hoja ya pili, nenda kwenye maiti. Liyongo akichomwa anaamka, anachukua uta wake, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti na kupachika mshale. Anakufa hivyo hivyo, amepiga goti. Watu wanaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai, mpaka mama yake anakwenda kumbembeleza na mwili unaanguka. Okonkwo anajinyonga nyuma ya nyumba yake. Watu wa kwao nao hawamsogelei, lakini kwa sababu ya mwiko: aliyejiua haguswi na wa ukoo wake, lazima wageni wamshushe na kumzika. Mwili mmoja unaogopwa kwa utukufu, mwingine kwa unajisi. Mmoja unaitwa na mama, mwingine unatazamwa na mkuu wa wilaya anayewaza kumwandikia aya moja katika kitabu chake.

Ili usiseme nimekupa maneno bila kazi, hii hapa aya ya mfano. Usiinakili, maana mwalimu wako atajua, itazame inavyokwenda:

"Liyongo na Okonkwo wote huangushwa kupitia uhusiano wa baba na mwana, lakini tungo hizi mbili haziiweki lawama mahali pamoja. Katika utenzi, baba anatoa siri kwa sababu ya imani, na khiyana ni ya mwana na mfalme. Ndiyo maana kijana ndiye anayelipia kwa maradhi na kifo. Katika riwaya, mwana ndiye anayekimbilia kwa baba kwa imani, na baba ndiye anayemgeuka kwa kuogopa macho ya wenzake. Utenzi unamlinda shujaa wake dhidi ya lawama. Riwaya inatulazimisha kumwonea huruma na kumlaumu kwa wakati mmoja."

Kila sentensi imewashika wote wawili, au imemshika mmoja ili kumwandaa mwenzake. Hakuna "kwa upande wa Liyongo" ya ukurasa mzima ikifuatiwa na "kwa upande wa Okonkwo". Mpangilio wa ukurasa kwa ukurasa ndio uliokuponza.

Je, ubaki na jozi hii au ubadilishe? Nitakupa maoni yangu bila kupamba. Jozi yako ina faida ya hoja ya baba na mwana, ambayo ni nadra. Hasara yake ni kwamba utenzi wa Pate na riwaya ya Waigbo havina ukoo wa karibu, na mtahini mkali anaweza kuuliza kwa nini umeviweka pamoja. Mbadala wa karibu zaidi ni Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, inayotokana na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Huyo dosari yake ni ngumu na tamu. Anawapa watu maji na neno la kuwaunganisha, kisha anagundua kwamba katika kupandwa na pepo Hongo ametamka pia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watoke kwa Mjerumani waingie kwa Sultani. Anaanza kutilia shaka neno lake mwenyewe, lakini neno limeshakua kumzidi yeye, halirudi mdomoni. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa kuwa watoto wa kesho wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Ukimweka na Liyongo utapata mashujaa wawili waliobebwa na kile ambacho watu waliamini juu yao. Ni kazi ngumu kuliko ya Okonkwo. Kama una wiki mbili, ijaribu. Kama una siku mbili, baki ulipo.

Kuna wengine watakushauri umchukue Rosa wa Kezilahabi, kutoka Rosa Mistika ya 1971. Inawezekana, lakini itakubidi uanze kwa kuthibitisha kwamba mhusika mkuu ni shujaa, na hilo ni insha nyingine.

Kuhusu nani shujaa zaidi, sitakujibu, na si kwa kukwepa. Swali la insha halikuomba mshindi. Ukitoa medali, aya yako ya mwisho itafuta kila ulichojenga, kwa sababu utalazimika kutumia kipimo cha mmoja kumhukumu mwenzake. Kwa kipimo cha utenzi, Okonkwo aliyeua mtoto wa nyumbani mwake hana nafasi. Kwa kipimo cha riwaya, Liyongo hajulikani ndani. Hatujui hata alilala vipi usiku ule baada ya kumjibu mwanawe. Hitimisho zuri litaeleza kila kipimo kinaona nini na kinaficha nini.

Nimebakiza habari ya baba yako. Kwenye insha isiingie, maana mtahini anapima maandishi, na baba yako si maandishi. Lakini usiitupe. Huenda ndiyo iliyokufanya uandike "hasira" bila kusita: ndicho kinachoonekana kutoka chini, mtoto akimtazama mkubwa. Rudi usome kurasa za Unoka, kisha usiku ule Okonkwo anapomfuata mkewe Ekwefi gizani hadi pangoni kwa ajili ya binti yao Ezinma, bila kumwambia mtu kwamba na yeye alikuwa anaogopa. Unaweza kumwelewa mtu aliyejengwa na woga. Kumwelewa hakukulazimishi kuvumilia kipigo. Kama ulichomaanisha ni kwamba nyumbani kunapigwa watu, au mnaishi kwa kunyata, hilo halitatuliwi na jibu la maandishi kutoka kwangu. Zungumza ana kwa ana na mtu mzima unayemwamini: shangazi, mjomba, mwalimu wa malezi. Tanzania na Kenya ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, na unaweza kupiga hata kwa kuuliza tu. Tanzania vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Na kama mwisho wa Okonkwo umekuganda kichwani kwa namna inayokutisha, kwa ajili yako au ya baba, usingoje insha iishe. Mwambie mtu leo, au nendeni hospitali.

Kama ulimaanisha tu kwamba baba ni mkali na haongei sana, basi una bahati ya kusoma kitabu hiki akiwa bado yupo wa kuulizwa alilelewa vipi.

Kuhusu insha, usiandike yote upya kabla ya kumwona mwalimu. Andika aya mbili za kulinganisha, moja ya baba na mwana, moja ya maiti, umpelekee wakati wa mapumziko na umwombe akuonyeshe sentensi ambayo bado inaorodhesha. Muulize pia jambo ambalo mimi siwezi kukujibia nikiwa mbali: kama katika somo la Kiswahili shuleni kwenu tafsiri ya riwaya ya Kiingereza inakubaliwa kama kazi ya kuhakikiwa. Akikataa, Kinjeketile yuko tayari, na aya ya Liyongo hutaifuta hata moja.